Simba wa Mawe wa Mtaa wa Banda

Ndugu msomaji, watu wetu wanaorudi kutoka Nairobi huwa na habari zile zile. Atakusimulia majumba marefu, atakusimulia baridi ya mwezi wa Julai, atakusimulia matatu na ngoma zake, na kama ni mtu wa biashara atakupa bei ya mitumba ya Gikomba. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba alipokuwa Nairobi aliingia maktaba. Nami leo ninakuomba, siku utakapopata likizo na nauli ya basi la kupitia Namanga, utenge saa mbili au tatu kwa ajili ya jumba moja lililo katikati ya mji ule. Jumba lenyewe halina urefu wa kutisha, na wapita njia wengi hawaligeukii. Hata hivyo ndani ya kuta zake imo sehemu kubwa ya historia ya Nairobi, na kuna mengi ndani yake yanayotuhusu sisi wa upande huu wa mpaka.

Anzia Barabara ya Kenyatta, penye sanamu ya watu watatu weusi wa shaba. Wewe mkazi wa Dar es Salaam utaitambua mara moja, maana ni ndugu wa Sanamu yetu ya Askari. Zote zilisimamishwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ya kwetu mwaka 1927 na ya Nairobi mwaka 1928. Tofauti ni kwamba ya kwetu ina askari mmoja peke yake, na ile ya Nairobi ina wenzake, mmoja wao akiwa mpagazi. Mtazame vizuri huyo mpagazi kabla hujaondoka, kwa kuwa tutarudi kwake. Kisha geukia kaskazini, na kwa mwendo wa dakika chache utaziona kuba za rangi ya fedha za Msikiti wa Jamia, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1925 na kumalizika mwaka 1933. Jirani na msikiti huo, kwenye Mtaa wa Banda, kuna ngazi pana za mawe, juu yake nguzo ndefu za mtindo wa Kigiriki, na kandokando ya ngazi simba wawili wa mawe wakilinda. Umefika Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan.

Hapana budi nikueleze kwanza huyo McMillan alikuwa nani, kwani jina la mtu halichongwi juu ya mlango bila sababu. William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, nchini Marekani, mwaka 1872, katika ukoo wa kitajiri. Aliingia Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati ardhi ya nyanda za juu ilipokuwa ikigawiwa walowezi kwa maelfu ya ekari, naye akajipatia shamba kubwa huko Juja na ardhi nyingine kuzunguka mlima ambao Wamasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na ambao kwa Kiswahili huitwa Kilimambogo. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda akiwa ametoka tu katika urais wa Marekani, McMillan alikuwa mmoja wa wenyeji wake. Baadaye aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria akiwawakilisha walowezi wa Ukamba. Vita vilipozuka mwaka 1914 aliingia jeshini pamoja na kikosi cha ishirini na tano cha Royal Fusiliers, kikosi kile kile alichokuwamo mwindaji Selous, aliyeuawa Beho Beho nchini kwetu mwezi wa Januari 1917. Kwa utumishi wake wa vita hivyo McMillan akapewa na Mfalme wa Uingereza cheo cha kuitwa Sir.

Alikuwa mtu mnene mno, na habari ya unene wake imedumu kuliko habari ya siasa zake. Alifariki mwaka 1925 akiwa Ulaya, na kwa wasia wake maiti ikaletwa Kenya izikwe juu ya kilele cha Kilimambogo. Gari lililotengenezwa kumpandisha likashindwa kupanda mteremko, na waombolezaji wakalazimika kumzika katikati ya njia. Mpaka leo kaburi lake liko pale pale, na mkewe, Lady Lucie McMillan, aliyefariki mwaka 1957, amelazwa karibu naye. Mtu mnene akazikwa kwenye ubavu wa mlima mnene.

Mjane huyo ndiye aliyetaka jina la mumewe lisipotee. Alitoa fedha zake, na nyingine zikatoka kwa shirika la Carnegie la New York, lililoanzishwa mwaka 1911 kwa mali ya Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyekuwa mzaliwa wa Uskoti. Carnegie alikuwa amekwisha kufa mwaka 1919, lakini fedha zake ziliendelea kutumika, na katika uhai wake na baada yake zilijenga maktaba zaidi ya elfu mbili na mia tano katika nchi mbalimbali. Ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931. Mwaka huo huo mlowezi mmoja wa Kidenmark, Karen Blixen, alifilisika na kuliacha shamba lake la kahawa chini ya milima ya Ngong, na Lady McMillan alinunua baadhi ya samani zake. Baadhi ya meza na viti vya nyumba ile vikaishia katika vyumba vya maktaba hii, ambamo wanafunzi wa Nairobi walikuja kuvikalia miaka mingi baadaye bila kujua wala kujali vilitoka wapi.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza neno lenyewe. Maktaba hiyo iliitwa ya umma, lakini umma wenyewe ulikuwa wa rangi moja. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle. Mwasia hali kadhalika, ingawa msikiti wa jirani na maduka mengi ya mtaa ule yalikuwa yao. Walowezi hawakuwa hata moja kwa mia ya wakazi wa Kenya, na ndio waliojengewa nguzo zile, simba wale, na ule ukimya wa chumba cha kusomea. Mwafrika akipanda ngazi zile alipanda kwa kazi, akifagia, akibeba masanduku ya vitabu au akipangusa vumbi kwenye migongo ya vitabu ambavyo hakuwa na ruhusa ya kuvifungua.

Nilikuambia tutarudi kwa mpagazi wa shaba. Katika vita vile ambavyo McMillan alitokea na cheo, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa, malaria na kuhara, wengi wao katika ardhi ya Tanzania ya leo. Jeshi hilo la wapagazi Waingereza waliliita Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, yenye asili hiyo hiyo. Kapteni akapata maktaba yenye nguzo. Wapagazi walipata majina ya mitaa miwili, na hata majina hayo hayakupangwa na mtu. Yalibaki tu midomoni mwa watu.

Mwaka 1938 ilitungwa sheria maalumu ya kuilinda maktaba na kuwaweka wadhamini wake. Ni jambo lisilo la kawaida jumba moja kutungiwa sheria yake lenyewe, na Nairobi wanajivunia jambo hilo mpaka leo. Lakini mwaka huo huo wa 1938 yalitokea mengine, na ukitaka kuyajua soma kibao cha mtaa ulio nyuma ya msikiti, unaokwenda sokoni. Kimeandikwa Muindi Mbingu. Huyo alikuwa kiongozi wa Wakamba. Serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya ng'ombe wao kwa madai kwamba mifugo imezidi na ardhi inaharibika, na kuwauza kwa bei ya kutupa kwenye kiwanda cha nyama cha Athi River, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi na kupiga kambi kwa majuma kadhaa wakimtaka Gavana awasikilize. Uuzaji ulisimamishwa hatimaye. Yeye mwenyewe akapelekwa kifungoni Lamu. Kwa hiyo mwaka mmoja huo, mji mmoja huo: serikali ilikuwa na muda wa kuandika sheria ya kulinda rafu za vitabu vya walowezi, na watu wenye haki ya kusikilizwa wakalala nje.

Sikuambii haya ili uikimbie maktaba. Nakuambia ili ukipita katikati ya simba wale ujue kwamba unatumia haki iliyodaiwa.

Kuna kisa kingine kinachostahili kutajwa hapa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, kijana mmoja aitwaye Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1963, kwamba siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa, mara akaingia mwanamke wa Kizungu mwenye sampuli yake, akaangaza macho huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kijana huyo alijiendeleza kwa masomo ya posta, taa ikiwaka usiku katika mitaa ya Waafrika, wakati jumba la vitabu lililo bora kuliko yote mjini lilikuwa mwendo wa miguu tu kutoka kazini kwake, nalo likimwona kama mwanamke yule alivyomwona. Aliongoza vyama vya wafanyakazi, akawa waziri katika serikali huru, na mwezi wa Julai 1969 akauawa kwa risasi katika barabara ambayo sasa huitwa Moi, mitaa michache tu kutoka hapo Banda.

Mwaka 1962, uhuru ukiwa unabisha hodi, maktaba ilikabidhiwa Baraza la Jiji na kuwa mali ya wakazi wote bila kujali rangi. Hapo ndipo mtoto wa dobi na mtoto wa karani walipoanza kukaa meza moja. Sisi upande wetu tulipita njia nyingine. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963 na kujenga upya, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi wa Desemba 1967. Sipendi kulinganisha kwa ajili ya kujisifu. Kujenga upya ni rahisi zaidi kwa namna moja, maana hurithi mizimu ya mtu. Nairobi walirithi jumba zuri, pamoja na rafu zilizojaa vitabu ambavyo havikuchaguliwa kwa ajili yao.

Na hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo zito kuliko mlango. Mlango hufunguliwa kwa siku moja. Rafu huchukua miaka. Maktaba iliyonunuliwa vitabu kwa miaka thelathini kwa ajili ya wawindaji, wapanda farasi na wake wa maofisa haiwi maktaba ya watu wa Eastlands kwa kubadilisha kibao tu. Fedha za kununua vitabu vipya zilipokuwa haba, vile vya zamani viliendelea kukaa. Paa likachoka, mbao zikachoka, na kwa miongo mingi jumba likawa zaidi mahali pa mwanafunzi kupata meza ya kufungulia daftari lake mwenyewe kuliko mahali pa kupata kitabu.

Usiidharau hata hivyo hiyo meza. Msomaji unayekaa chumba kimoja na watoto wanne unajua ninachosema. Taa ni moja, redio ya jirani haizimwi, na mezani ndipo panapokatwa mchicha. Mtoto wa darasa la saba anayetakiwa kujiandaa kwa mtihani atakaa wapi? Meza tulivu, mwanga na kiti ni huduma kubwa hata kabla kitabu hakijafunguliwa, na mfanyakazi wa mjini huzikosa hizo mapema kuliko anavyokosa vitabu.

Kuna hazina pia, na wazee wa kazi wa maktaba hii wanazijua. Zipo hifadhi za magazeti ya zamani ya Kenya, taarifa za mijadala ya Baraza la Kutunga Sheria, na mkusanyiko wa vitabu na nyaraka juu ya Afrika Mashariki. Ukipata nafasi ya kuyafungua magazeti ya kale, kumbuka jambo moja la kuchekesha. Gazeti lililokuja kuwa sauti ya walowezi, East African Standard, lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyeliuza mwaka 1905. Mtu huyo huyo aliwapa wakazi wa Nairobi bustani ya kupumzikia, Bustani ya Jeevanjee, ambayo ipo mpaka leo na watu hula chakula chao cha mchana humo. Gazeti lake liliingia maktaba, mwenyewe akibaki nje. Katika kurasa zile utakuta matangazo ya bunduki, ya mvinyo na ya mashamba. Mwenye mashamba yale kabla hayajatangazwa hutamkuta. Inabidi msomaji mwenyewe amtafute katikati ya mistari, nayo ni kazi inayofundisha.

Nikuongezee maarifa madogo yatakayokufaa katika maktaba nyingi utakazoingia, iwe Nairobi au Dar es Salaam. Utaona vitabu vimepewa namba kwenye mgongo. Mpango huo uliwekwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Aligawa elimu yote katika mafungu kumi, kila fungu likagawanywa tena kumi, na kuendelea. Historia ya Kenya iko 967.62, ya Uganda 967.61, na ya Tanzania 967.8. Ukijua namba yako huna haja ya kuzunguka wala kuona haya kuuliza. Lakini tazama pia jinsi mgawanyo wenyewe unavyosema. Katika dini, fungu la mia mbili, karibu nafasi zote zilipewa Ukristo, na Uislamu ukabanwa 297 pamoja na majirani zake wachache. Katika lugha, Kiingereza kina nafasi pana ya peke yake, 420. Kiswahili, lugha ya mamilioni, kimesukumwa nyuma ya nukta mpaka 496.392, na fasihi yake 896.392. Mtu wa New York wa karne ya kumi na tisa alipanga dunia kama alivyoiona kutoka dirishani kwake. Wakutubi wa Afrika wamekuwa wakiisogeza sogeza samani hiyo tangu hapo, na kazi haijaisha.

Mwaka 2017, wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange ambaye ni mwandishi, na Angela Wachuka ambaye ni mchapishaji, walianzisha shirika liitwalo Book Bunk kwa nia ya kuzifufua maktaba za jiji. Mwaka uliofuata wakaingia mapatano na Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, iliyochukua nafasi ya Baraza la Jiji baada ya mabadiliko ya mwaka 2013, ili wazikarabati maktaba tatu: hii ya Banda na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Walianza kwa kuhesabu na kuorodhesha vilivyomo, kazi ya vumbi na ya subira, kisha wakaanza kuzihifadhi picha na nyaraka za zamani kwa njia ya kompyuta. Habari ya juhudi zao imetengenezewa filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani mwezi wa Januari 2025, kazi ya Maia Lekow na Christopher King.

Kilichonivutia katika habari yao ni mpangilio wa kazi. Jumba kubwa la katikati ya mji ndilo lenye nguzo, lenye wageni, na lenye kupigwa picha. Mtu anayetafuta sifa angeanza hapo. Wao walianza kwa kukarabati matawi ya Eastlands, yaani upande wa mashariki wa mji, wanakokaa wafanyakazi. Kama jumba la Banda lenyewe utalikuta limezungukwa na mafundi siku utakayofika, usisikitike. Waulize walinzi lini pako wazi, kisha panda basi.

Kaloleni ni mtaa wa kutembelewa kwa miguu. Jina hili unalijua: pwani ya Kenya wanayo Kaloleni yao, na Arusha tunayo yetu. Hii ya Nairobi ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, na mateka wa vita wa Kitaliano walishiriki katika ujenzi. Ni nyumba za mawe, fupi, zenye vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani na miti, kwa mtindo ambao wakati huo Waingereza waliuita mji wa bustani. Katikati yake uko ukumbi wa jamii. Wapigania uhuru, akiwemo yule Mboya, walifanya mikutano yao katika ukumbi huo, na wazee wa Kaloleni watakuambia kwa fahari kwamba siasa za Kenya zilipikwa pale kabla hazijapakuliwa Bungeni. Maktaba ndogo iko katika mtaa huo huo. Haina simba. Ina watoto.

Utawakuta wakiwa wametoka shule, sare zikiwa bado mwilini, wengine na wadogo zao mgongoni, maana kumwachia mama nafasi ya kufua ni sharti la kuruhusiwa kutoka. Kuna kusomewa hadithi, kuna vikundi vya vijana, kuna mijadala na michoro. Wenye kupenda ukimya wa zamani huenda wakakunja uso. Mimi nadhani maktaba iliyonyimwa sauti za watoto wa Kiafrika kwa miaka thelathini ina deni la kelele kidogo.

Makadara iko kwenye Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm, jina la shamba la mlowezi. Hii ni barabara ya mabasi, gereji, makanisa na vibanda vya chakula, na maktaba yake ni kubwa kuliko ya Kaloleni. Hapa wanaokuja ni vijana zaidi: anayerudia mtihani, anayeandika barua ya kuomba kazi, anayesomea ufundi kwa kitabu cha kuazima. Na kama wewe ni mfanyakazi, usidhani ni mahali pa watoto wa shule peke yao. Sheria ya ajira inasomeka, kitabu cha afya ya mama na mtoto kinasomeka, gazeti la leo linasomeka bila kulinunua. Mama mwenye genge anaweza kujifunza namna ya kuweka hesabu zake. Hayo hayahitaji cheti wala barua ya mjumbe.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa vitendo. Chukua kitambulisho chako. Acha mkoba mkubwa nyumba ya wageni, kwa kuwa maktaba nyingi hazitaki mikoba ndani. Usipige picha za watoto bila kuuliza. Mgeni kuazima kitabu kwenda nacho nyumbani ni jambo gumu, kwa hiyo nenda na daftari na kalamu, ukae uandike unachokitaka.

Kisha fanya hivi. Katika tawi lolote utakaloingia, iwe Kaloleni au Makadara, tafuta rafu ya 896.392, fasihi ya Kiswahili. Hesabu vitabu vilivyomo; haitakuchukua muda mrefu kama unavyodhani. Vitazame vimechakaa wapi, maana kitabu kilichochakaa kwenye pembe ni kitabu kinachopendwa. Halafu mwendee mkutubi, msalimu vizuri, umwulize ni hadithi gani ya Kiswahili inayoulizwa mara nyingi na ambayo hana. Andika jina lake kwenye daftari lako. Kwa desturi maktaba hizi hupokea vitabu vya zawadi, na maduka ya vitabu ya Dar es Salaam yana riwaya na tamthilia ambazo Nairobi hazipatikani kwa urahisi. Basi la kurudi hupita Namanga, na basi la kwenda hupita hapo hapo, kila siku, na karibu kila mtaa wa kwetu una mtu anayesafiri nalo.